Kabla oili haijamwagwa, simama uone

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Bilele, mjini Bukoba, fundi akimwaga oili ya pikapu yetu ya kubebea ndizi kutoka Muleba. Badala ya lita tano, zilitoka mbili na ushee: injini ilikuwa inakula oili bila sisi kujua. Filta nayo ilikuwa ileile ya zamani, ingawa tulikwishalipia mpya mara mbili.

Ndugu msomaji, kumwaga oili ni ukaguzi wa hesabu za gari. Weusi peke yake usikutishe, hasa kwa injini ya dizeli. Lakini oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, pengine kwa sababu gasketi imeungua. Chenga za chuma kwenye nati maana yake vyuma vinasagana.

Anayetembea kilometa 140 kwa siku humaliza 5,000 kwa siku 36 tu. Akiahirisha ili kuokoa bei ya oili, anaweza kulipa bei ya injini. Injini ikinoki njiani, ndizi zinaivia kwenye gari, mkulima na mchuuzi wote wanapata hasara.

Kwa hiyo andika kilometa kila unapobadili oili, pima kiwango chake kila wiki, na dai filta ya zamani uikabidhiwe mkononi. Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni: Ziwa Victoria liko jirani, na samaki wake ni biashara yetu pia.