Maji moto ya Natron yalivyonitoa jasho

Kama wiki iliyopita ulinitafuta ukurasa huu ukanikosa, sikufukuzwa wala sikulazwa. Nilikuwa Enguserosambu. Najua nusu yenu mmeshaanza kuulizana ndiyo wapi huko. Ni wilaya ya Ngorongoro, upande wa Loliondo, kule juu kwenye msitu unaogusana na Kenya. Ndiko kwa wajomba zangu. Na kilichonipeleka huko, amini usiamini, ni Japani.

Basi ilikuwa hivi. Mchumba wangu (humu tumwite bibie, maana alishanipiga marufuku kutaja jina lake gazetini) alikuwa saluni Ngarenaro anasukwa. Mimi nimekaa kwenye benchi nje, nasubiri, kama kawaida ya wanaume wa mjini siku ya Jumamosi. Akaniita ndani. Akanipa simu, akasema, "Hebu ona."

Nikaona. Hoteli ya Kijapani. Nje kuna bwawa limezungushiwa mawe, maji yanafuka moshi, theluji imekaa juu ya mawe kama povu la sabuni, na pembeni bustani ya miti iliyokatwa vizuri kuliko kichwa changu.

"Fungate letu ni hapo," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Msusi naye hakucheka.

Ikabidi nisome. Unajua mimi shule niliishia kidato cha nne, lakini kitu kikishanikaa kichwani sikiachi. Kumbe wenzetu maji moto kwao ni jambo la serikali kabisa. Wana sheria ya mwaka 1948 inayosema chemchemi ihesabiwe ya moto kama maji yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yana madini fulani ndani yake. Mabwawa hayo wanayaita onsen, na hoteli za jadi zenye mikeka, milango ya karatasi na bustani wanaziita ryokan. Ipo moja huko Yamanashi, Nishiyama Onsen Keiunkan, iliyoanza mwaka 705. Hiyo 705 si namba ya chumba, ni mwaka! Kilwa hata sultani haijampata, wenzako wanapokea wageni.

Sasa kasheshe iko kwenye masharti. Ukifika unavua viatu mlangoni. Unapewa joho la pamba, yukata, na upande wa kushoto lazima uwe juu ya ule wa kulia, maana ukigeuza umevaa kama maiti. Bwawani huingii na nguo, hata chupi hakuna. Wanaume kwao, wanawake kwao. Kataulo kenyewe kadogo kama leso, wengi wanakaweka kichwani. Wenye tatuu sehemu nyingi hawaruhusiwi, kwa hiyo yule mchizi wangu wa Unga Ltd. mwenye nge shingoni ajue safari hii haimhusu. Na kubwa kuliko yote: kabla hujagusa bwawa unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni, unajisuuza mpaka unang'aa. Bwawa ni la kupumzika, si la kutoa uchafu.

Bibie nilimweleza haya yote jioni moja tukila chipsi. Kumbukeni hilo, maana baadaye lilinirudia.

Sasa tuje kwenye mshiko. Mimi nalipwa kwa makala, na makala ni moja kwa wiki. Nauli tu ya ndege kwenda Japani ni makala mpaka meno yang'oke. Lakini bibie si mtu wa kukata tamaa, ni Mpare, na Mpare akishaamua jambo la pesa wewe kaa pembeni. Akaleta kibubu. "Japani labda hatutafika," akasema, "ila tutafika mahali penye maji moto, tulale siku mbili kama watu." Kila wiki akawa anatia, nami natia. Funguo akanipa mimi. Tena akasema, "Nakuamini."

Mwezi wa saba tangu tuanze, kibubu kikawa na laki saba na ushee. Na mwezi huo huo akaja mshikaji wangu mmoja, tumekua wote mtaa mmoja, ana dili la simu. Anaenda kuzichukua mpakani, anarudi baada ya siku nne, faida tunagawana. Nikafikiria: siku nne tu, bibie hatajua, laki saba inakuwa milioni. Nikafungua kibubu.

Ukisoma safu hii unajua kilichofuata. Siku nne zikawa wiki. Wiki zikawa mwezi. Simu ya mshikaji ikawa inamjibu yule dada wa mtandao anayesema mteja hapatikani. Nami kila Jumamosi napokea elfu kumi za bibie, natumbukiza kwenye kibubu mbele yake, kinalia "klo!" kama debe tupu, nakohoa ili asisikie.

Ndipo nikamkumbuka mjomba.

Nikamwambia bibie twende Enguserosambu, nimtambulishe kwa mjomba kabla ya mahari. Hiyo ni kweli, ilikuwa lazima. Ila nia yenyewe ilikuwa kumwomba mjomba ng'ombe mmoja kimya kimya, nimuuze mnadani, nirudishe hela kabla kibubu hakijavunjwa.

Enguserosambu ni baridi, jamani. Asubuhi ukungu umelala juu ya mitarakwa, huoni boma la jirani, unasikia kengele za ng'ombe tu. Bibie alifika na kandambili na blauzi ya mjini. Jioni ya kwanza alikuwa amejifunga shuka mbili za mjomba, pua tu ndiyo inaonekana. Mke wa mjomba akampa supu yenye gome la osokonoi, chungu na kali kama pilipili, dawa ya kifua. Akanywa, akatoa machozi, akaomba nyingine. Hapo hapo nyumba nzima ikampenda.

Siku ya pili mjomba alitupeleka msituni. Sikieni, mimi niliona bustani za Japani kwenye picha, mawe yamepangwa, changarawe imechanwa kwa reki kama nywele. Ni nzuri, sikatai. Lakini ule msitu! Mti wa mtarakwa umejaa ndevu za ukungu, chini chemchemi inatoka kwenye jiwe, maji baridi yanauma meno. Mjomba akasema huko hakatwi mti mbichi ovyo, na kiangazi kikikaza ndiyo ng'ombe wanaingia kula. Wazee wanajua kila chemchemi na miiko yake. Ng'ambo ya mpaka msitu unaendelea kwa Wamasai wa Loita, wao wanauita wa Mtoto Aliyepotea. Bibie akapiga picha mpaka simu ikazimika.

Jioni nikamfuata mjomba zizini. Nikainamisha kichwa akakigusa kama mila inavyotaka, ingawa asubuhi alishakigusa. Nikamweleza yote. Dili, simu, kibubu, kilio cha "klo".

Mjomba akasikiliza, fimbo begani. Akauliza, "Mwenzio anajua?"

"Hapana, apu."

"Ng'ombe ninaye," akasema. "Mtamba yule mwenye baka tumboni ni wako, ulizaliwa nikakuahidi. Lakini simtoi leo. Mweleze kwanza yule mtoto wa watu. Akikukubali, mtamba anakuja kwenye harusi. Akikukataa, mtamba anabaki hapa, nawe utakuwa umejifunza bei ya simu."

Nikaishiwa pozi.

Kesho yake tukashuka. Bibie mwenyewe ndiye aliyetaka tupitie Natron, maana mke wa mjomba alimwambia kule chini kuna maji moto. Kutoka Wasso basi linaondoka bado giza. Mpaka Sale ni lami, unakaa kwenye kiti kama binadamu. Si mbali na hapo ni Samunge, kwa yule Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari kilometa na kilometa kwa kikombe cha shilingi 500. Alifariki 2021. Baada ya Sale lami inakuaga, mnaanza kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na joto linapanda kila kona. Shuka za mjomba zikaanza kuvuliwa moja moja.

Tukashuka Engaresero. Tukalipa za kulipa, tukachukua hema kwenye kambi ya bei ya chini. Mbele yetu Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, umesimama peke yake umechongoka kama kichuguu cha jitu. Ule mlima si mchezo. Volkano zote unazozijua zinatema moto mwekundu. Huu uji wake una magadi, unatoka mweusi kama oili chafu, ukikaa siku chache unageuka mweupe. Hakuna volkano nyingine inayowaka duniani kwa sasa inayofanya hivyo. Mwaka 2007 uliamka, matetemeko yakasikika mpaka Arusha na Nairobi, ukaendelea kutema majivu mpaka 2008. Usiku ule nililala macho wazi, ila si kwa kuogopa mlima.

Alfajiri kijana wa pale akatupeleka ziwani. Unatembea juu ya magadi yaliyokauka, yanapasuka chini ya kiatu kama chapati iliyoungua. Ziwa lenyewe halina kina, hata mita tatu halifiki, na kwa mbali utadhani kuna kitambaa cha waridi kimeanikwa juu ya maji. Ni heroe. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanazaliwa Natron, kwa sababu maji yale ni makali kiasi kwamba adui hataki kuingia. Ndiyo maana 2001 likawekwa kwenye orodha ya Ramsar, na mpango wa kiwanda cha magadi ulipokuja miaka ya 2006 hadi 2008 ulipingwa kila upande.

Na pembeni ya ziwa, chemchemi za moto. Vidimbwi, maji yanatoka chini ya mawe, safi unaona mpaka mchanga. Hakuna hoteli. Hakuna joho. Bustani ni majani magumu machache na punda wawili. Kijana akatuambia tuingize miguu, tusiweke machoni, akaenda kukaa mbali na simu yake. Tukaingiza. Jamani! Uchovu wote wa basi ukatokea kwenye vidole. Samaki wadogo wakaja kutugusagusa, samaki ambao huishi kwenye maji moto yenye magadi ambayo sato wa Mwanza angekufa mara moja.

Bibie akafumba macho. Akasema taratibu, "Sasa hii si ndiyo Japani yenyewe? Tena hela yetu haijaguswa."

Hapo ndipo jasho lilinitoka, na si la maji.

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka kama kinyaa. Laki saba, mshikaji, mpakani, elfu kumi kumi nilizokuwa natumbukiza kwenye debe tupu mbele ya macho yake. Nikamwambia na la mtamba.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alitoa miguu majini, akajifuta na kanga, akavaa viatu, polepole, kimoja kimoja.

"Si ulinieleza mwenyewe," akasema, "Wajapani wanajisugua kwanza, ndiyo waingie? Wewe umeingia na uchafu wako, miezi yote hii, tumekaa maji mamoja."

Akaondoka na yule kijana. Mimi nyuma, mita hamsini, na punda.

Basi la kwenda Arusha lilitukuta barabarani kwenye vumbi. Alikaa kiti cha dirisha, begi akaliweka katikati yetu. Engaruka ikapita. Selela ikapita. Neno hakuna. Kuna wakati niliomba gari liharibike tu ili aniulize kitu.

Tulipofika Mto wa Mbu akina mama wakaja madirishani na ndizi nyekundu. Akanunua chana moja kwa hela yake. Akala moja. Akala ya pili. Kisha akamenya ya tatu akaniwekea mkononi bila kunitazama.

Nikafungua mdomo kusema ahsante.

"Sijakusamehe," akasema. "Una njaa tu."

Mpaka naandika haya, hali ni hii. Kibubu kipya kiko kwa mama yake, na funguo siijui ilipo. Natia elfu ishirini kila wiki, yeye kumi, mpaka deni liishe. Mtamba yuko Enguserosambu, mjomba anapiga simu kuuliza kama amchunge au amfungashe, nami namwambia achunge kwanza. Bibie amenikubalia niandike, ila kwa sharti kwamba niandike lote, hata ile ya kukohoa.

Na wewe mshikaji wa mpakani, kama gazeti hili limekufikia ukiwa umefungiwa sambusa ndani yake, namba yangu ni ile ile.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.