Shuku Ipimwe

Wako watu wasemao kuwa kushuku ni werevu. Mwanafunzi akiwaona wenziwe wawili wakicheka mlangoni mwa darasa huambiwa ajihadhari nao, na mithali hutolewa kuwa ushahidi: kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nakana. Shuku ni mashtaka, na mashtaka yasiyopimwa ni dhuluma.

Msomaji, utauliza shuku hupimwaje, maana haina uzito wala urefu. Katika maisha ya kila siku ni taabu kweli kuipima, kwa sababu huenda wale wawili walikucheka hasa. Daniel Freeman na wenziwe katika London waliitafutia njia, wakatangaza matokeo mwaka 2008. Watu 200 wa kawaida walivishwa chombo machoni, wakajiona wamo katika treni ya chini ya ardhi pamoja na abiria walioumbwa kwa kompyuta. Abiria hao hawakuweza kupenda wala kuchukia. Baada ya dakika chache kila mtu aliulizwa aliona nia gani kwao, njema au mbaya, na majibu yakatiwa katika hesabu.

Wengi hawakuona ubaya. Lakini zaidi ya watu 40 katika kila 100 walipata angaa wazo moja la shuku. Nyuso zilikuwa zile zile. Hukumu zilikuwa mbali mbali. Tofauti ilitoka wapi, ila kwa watazamaji wenyewe? Wenye wasiwasi mwingi na wenye kujidharau ndio walioelekea zaidi kushuku.

Nitajibiwa kuwa dunia ina adui wa kweli. Naam, inao, na aliyeumwa na nyoka halaumiwi akishtuka kwa ung'ongo. Lakini hata chawa hutafutwa kwa macho na vidole. Nguo haichomwi moto kwa sababu ya kuwashwa. Wala simwiti mwenye shuku mwendawazimu, kwa kuwa hesabu yenyewe yaonyesha kuwa wenye shuku ni wengi miongoni mwetu.

Basi kabla ya kumhukumu mwenzako, jiulize: nimeona nini kwa macho, na nimeongeza nini kwa hofu? Ukishindwa kupambanua, mwendee umwulize. Swali la dakika moja ni aibu ndogo. Rafiki aliyepotezwa kwa neno asilolisema ni hasara kubwa.