Ukimya wa Anga

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina upana wa miaka nuru 100,000 hivi na nyota zisizopungua bilioni 100. Chombo kinachokwenda kwa asilimia moja tu ya kasi ya nuru kingeivuka kwa miaka milioni 10. Kwa binadamu muda huo ni mrefu mno, lakini galaksi yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, kwa hiyo jamii moja tu yenye ufundi wa kusafiri nyota hadi nyota ingekwisha kupata nafasi ya kuienea yote. Hesabu hiyo ndiyo iliyo nyuma ya swali la Enrico Fermi, alilowauliza wenzake mwaka 1950 wakati wa chakula cha mchana huko Los Alamos, Marekani: wako wapi? Mwaka 1975 Michael Hart alijibu kwa mkato: hawajafika kwa sababu hawapo.

Makala hii inashikilia kwamba Hart aliharakisha. Hata hivyo upande wake una hoja moja nzito, nayo haitoki angani bali ndani ya seli. Dunia ina miaka bilioni 4.5, na viumbe vya seli moja vilikuwapo angalau miaka bilioni 3.5 iliyopita. Kwa muda mrefu sana havikuwapo vingine. Kisha seli moja ikaimeza nyingine bila kuiyeyusha, na aliyemezwa akageuka mtambo wa nishati wa mwenyeji wake, yaani mitokondria. Mwembe, uyoga, papa na binadamu wote ni uzao wa muungano huo, na kwa kadiri ijulikanavyo, ulifanikiwa mara moja tu. Ikiwa hicho ndicho kizingiti, basi huenda sayari nyingi zina uhai, lakini uhai wenyewe ni utelezi tu, kama ule wa kijani unaoshika mawe ya mtoni.

Robin Hanson alikiita kizingiti cha namna hiyo kichujio kikuu. Kinachotisha ni kwamba chaweza kuwa mbele yetu: huenda jamii zikifikia silaha za nyuklia, hazichukui muda kujiangamiza. John Ball, mwaka 1973, alipendekeza kwamba tunatazamwa kwa mbali kama wanyama wa hifadhini. Dhana hiyo inavutia, lakini haipimiki, maana ukimya wowote ule huonekana kuithibitisha.

Kabla ya kuueleza ukimya, sharti kupima usikivu. Aprili 1960, huko Green Bank, West Virginia, Frank Drake alielekeza darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 26 kwenye nyota Tau Ceti, akasikiliza masafa ya hidrojeni, megahezi 1,420. Kimya. Akaigeuzia Epsilon Eridani, na mara kalamu ya kinasa ikaanza kurukaruka kwenye karatasi na kipaza sauti kikagonga kwa mapigo ya haraka. Ishara ikapotea. Iliporudi siku kadhaa baadaye, ilinaswa pia na antena ndogo isiyoelekezwa kwenye nyota hiyo: ilitoka hapa hapa duniani.

Tangu hapo vyombo vimeboreka sana, lakini anga, masafa na nyakati za kuchunguza ni nyingi kupita kiasi. Mwaka 2018 Jason Wright na wenzake walikadiria kwamba sehemu iliyokwisha kupekuliwa, ikilinganishwa na yote, ni kama maji ya bwawa dogo la kuogelea mbele ya bahari zote za dunia. Achotaye kiasi hicho asipate samaki hana haki ya kusema bahari ni tupu.

Kuna pia suala la muda, ambalo husahauliwa mno. Tuseme jamii fulani inatangaza kwa redio kwa miaka 10,000. Historia ya galaksi ikifupishwa iwe usiku mmoja wa saa 10, matangazo hayo hayafiki hata sehemu 4 za 100 za sekunde. Jamii mbili za namna hiyo zaweza kuishi kwenye nyota jirani zisikutane kamwe, kama vibiriti viwili vilivyowashwa saa tofauti gizani.

Na hata zikiishi wakati mmoja, umbali unabaki. Novemba 1974 darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ilituma ujumbe kuelekea kishada cha nyota M13, kilicho umbali wa miaka nuru 25,000 hivi. Jibu, likiwapo, litachukua miaka 50,000 kufika.