Nyuma ya Ojwang Alikuwepo Wanjau

Tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, alifariki dunia mzee wa miaka 78 aitwaye Benson Wanjau. Habari hiyo ilipovuka mpaka na kufika kwetu, wengi hawakushtuka, kwa kuwa jina hilo hawakulijua. Ilipoongezwa kwamba marehemu ndiye Mzee Ojwang wa mchezo wa Vitimbi, ndipo masikitiko yalipoanza. Twaomba wasomaji watuvumilie leo tukilirudia jambo hili la mtu mmoja na majina mawili. Ndani yake imo haki ya mtu iliyopotea njiani, na haki ya namna hiyo haipotei Nairobi peke yake. Yapotea Nansio, yapotea Sengerema, yapotea hapa Mwanza mjini, na wakati mwingine wanaoipoteza ni sisi wenyewe.

Kwa faida ya vijana, tuanze na mtu mwenyewe. Wanjau alikuwa miongoni mwa waigizaji wa televisheni ya serikali ya Kenya tangu ilipokuwa ikiitwa Sauti ya Kenya, kabla haijageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989. Alionekana katika Vioja Mahakamani na michezo mingine, lakini Vitimbi, ulioanza katika miaka ya 1980, ndio uliomfanya awe mtu wa kila nyumba. Humo alikuwa Ojwang, mume wa Mama Kayai, ambaye naye aliigizwa na Bibi Mary Khavere. Wawili hao waligombana, wakadanganyana, wakapatana, juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka, hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni mke na mume kweli.

Sisi wa Tanzania Bara tulichelewa kuyaona hayo kwa macho. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo kicheko chetu kilipitia sikioni, kwa Pwagu na Pwaguzi na Mzee Jangala wa Radio Tanzania, na hatukuona upungufu wowote. Ojwang tulimwona mara ya kwanza Kisumu, tulipofuatana na mjomba wetu aliyekuwa na shughuli zake za samaki. Tulikaa katika hoteli ya chai iliyokuwa na televisheni moja juu ya rafu, na wateja wengi walikuwa Wajaluo. Mzee yule alipofungua kinywa, hoteli nzima ilicheka kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Mjomba alimuuliza mzee mmoja aliyekaa karibu nasi kama mchekeshaji huyo ni mtu wa Siaya au wa Homa Bay. Mzee akatutazama kama watu waliopotea njia, akasema kwamba huyo si Mjaluo hata kidogo, huyo ni Mkikuyu.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa Wanjau, na ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya "sh", wala haina "z" kama tunayoitamka katika Kiswahili. Kwa hiyo Mjaluo mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani aweza kukwambia anakwenda "samba" naye akikusudia shamba. Jambo hilo kila mtu wa Rorya analijua, na kila mwenye masikio anaweza kuliiga kwa dakika mbili na kuchekesha kwa dakika mbili. Wanjau aliliigiza kwa zaidi ya robo ya karne. Mtu hawezi kuchekesha robo ya karne kwa kukosea herufi. Aliyafahamu majivuno ya mzee wa Kijaluo, namna anavyosimama, namna anavyopandisha sauti pale anapojua kwamba hoja imemshinda, mapenzi yake ya maneno makubwa, na huruma anayoificha. Ojwang alikuwa mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Aliyekuwa akichekwa ni mtu mzima mwenye akili zake na udhaifu wake, na Wajaluo wa hoteli ile ya Kisumu walicheka kama watu wanaomcheka baba yao mdogo.

Na yafaa tukumbuke nyakati zenyewe. Siasa za Kenya ziliwatenganisha Wakikuyu na Wajaluo mara nyingi tangu miaka ya 1960, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika, Kisumu ikachomwa, watu wakafukuzwa katika nyumba zao kwa ajili ya majina yao. Katika nchi hiyohiyo, Mkikuyu mmoja alibeba jina la Kijaluo mbele ya taifa zima kwa maisha yake yote ya kazi. Hatudai kwamba mchezo wa kuchekesha ulizuia hata jiwe moja lisirushwe. Twasema tu kwamba kazi hiyo ilikuwa kazi ya taifa, na ingestahili kuhesabiwa hivyo wakati wa kulipa.

Tuseme na la kwetu kabla hatujasahau. Katika michezo ya televisheni inayotoka Dar es Salaam, Msukuma ameletwa mara nyingi kwa kazi moja tu: kushangaa ghorofa, kusema "balabala", na kuibiwa fedha za ng'ombe. Mkerewe na Mkara hawaletwi kabisa, kana kwamba visiwa vyetu havina watu. Hatuombi sheria ya kuwazuia wachekeshaji wasiigize kabila lolote. Tungekuwa wa kwanza kuipinga. Lakini mwigizaji anayetaka kumwiga Msukuma na aje Magu au Kwimba, akae, asikilize wazee wanavyobishana chini ya mti, ndipo arudi kuchekesha. Wanjau amekwisha kuonyesha kwamba lafudhi ya mtu mwingine ni kitu cha kujifunza kama ufundi wowote.

Sasa twende kwenye malipo. Katika miaka yake ya mwisho mzee huyo alisumbuliwa na macho, na wananchi wa Kenya wakaombwa wachange ili apate matibabu. Walichanga, nao wanastahili sifa. Lakini mtu aliyeingia sebuleni mwa wananchi kwa muda wote huo, katika chombo cha umma, kufikia kuchangiwa matibabu ya macho ni jambo linalopasa kuwasumbua wenye madaraka kuliko linavyowasumbua wachangaji. Mchango ni ihsani, na ujira ni haki. Waliosoma chuoni kama tulivyosoma sisi wanajua jinsi mafundisho yanavyolikazia jambo la ujira wa mtu aliyekwisha kutoka jasho. Ihsani haiwezi kusimama mahali pa deni.

Tena tusidhani kwamba hayo ni ya majirani. Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Agosti 2018, alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Amri Athumani, ambaye taifa lilimjua kwa jina la King Majuto. Mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, alianza kuigiza jukwaani akiwa mtoto, na alipokuwa mzee uso wake ulikuwa katika filamu na matangazo ya biashara ya kila namna. Mwaka huo wa 2018 alipelekwa India kwa matibabu, na wakati wa ugonjwa wake ndipo suala la mikataba aliyotiliana na waliomtumia lilipofika mezani kwa Serikali. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii. Ilikuwa hatua njema, nasi tuliiunga mkono. Lakini mwenye mikataba alikuwa tayari kitandani.

Wasomaji wetu wa visiwani wana sehemu yao katika jambo hili, ingawa pengine hawajalitazama hivyo. Mtu aliyewahi kulala katika kambi ya dagaa anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu karabai hazifai kitu. Dagaa hawaufuati mwanga wa taa wakati ziwa zima limewaka. Basi wavuvi hupumzika, na jioni hizo banda la video hujaa. Kwa miaka mingi King Majuto ndiye aliyewastarehesha watu wa makambi katika siku hizo. Mwenye banda alikusanya kiingilio mlangoni. Mwenye duka la Mwanza aliyenakili mikanda na santuri alipata chake. Halmashauri ilitoza ada ya leseni. Mvuvi alicheka, na haki yake ya kucheka hatuigusi, kwani alilipa. Katika mnyororo wote huo aliyekosa kitu ni yule aliyekuwa akichekesha.

Wala sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na ndani yake mwigizaji anatajwa kuwa mtu mwenye haki katika uigizaji wake. COSOTA, iliyoundwa kwa sheria hiyo, iligawa mirabaha kwa wasanii wa muziki mwezi Januari 2022, jambo lililotupa moyo. Lakini mchekeshaji ana shida ambayo mwanamuziki hana. Wimbo una mtunzi na jina lake limeandikwa. Mhusika wa kuchekesha ni wa nani? Wanjau alimjaza Ojwang kila kitu alichokuwa nacho, sauti, mwendo na kicheko, lakini mchezo ulikuwa mali ya kituo. Mwigizaji akiugua, mhusika huendelea kuonekana katika marudio, mzima wa afya, huku mwenye sauti akitafuta nauli ya kwenda hospitali. Kwa maoni yetu, mkataba wowote wa mchezo wa televisheni usiosema neno juu ya marudio ni mkataba nusu, na ofisa anayeupitisha amefanya kazi nusu.

Mwanza si mji wa kutazama tu michezo ya wengine. Hapa ipo Star TV, na kupitia kituo hicho nchi iliwajua wachekeshaji wa Futuhi. Kila wilaya ya mkoa huu ina vikundi vya maigizo, na hakuna sherehe ya Serikali isiyowaita. Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tulikuwa katika kamati iliyoandaa mkutano wa hadhara katika kisiwa kimoja. Tulikodi maturubai kwa hati, tukakodi vipaza sauti kwa hati, mafuta ya boti tukayalipia siku ileile na kupewa risiti. Kikundi cha vichekesho, ambacho ndicho kilichowafanya watu wasiondoke juani kwa saa tatu, tulikipa soda na ahadi. Mkuu wa kikundi, mtu mzima anayetuzidi umri, alitufuata mara mbili ofisini, na mara zote mbili tulimwambia, "Mzee, vuta subira, fungu halijatoka." Fungu lenyewe halikuwahi kuombwa. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Ila katika bajetí ile turubai lilikuwa na mstari wake, na mtu hakuwa na mstari.

Kwa hiyo tunayowaomba wakubwa wa halmashauri si makubwa. Ofisa Utamaduni na awe na karatasi moja ya mkataba, kwa Kiswahili kinachosomeka, yenye majina halisi ya waigizaji pamoja na majina ya wahusika wao, kiasi cha malipo, siku ya kulipa, na kifungu kinachoeleza nini kitalipwa iwapo onyesho litarekodiwa na kuonyeshwa tena. Leseni ya banda la video isitolewe mpaka mwombaji aonyeshe kibali cha COSOTA. Hilo lawezekana bila kuunda kamati yoyote. Na kwa kuwa mfuko wa NSSF huwapokea pia watu waliojiajiri, vikundi vyetu vielezwe namna ya kujiunga na kuweka akiba kidogo kidogo. Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kuwa sheria tangu mwaka 2023. Wasanii wasiwe wa mwisho kuelezwa inavyowahusu.

Najua, au tuseme twajua, kwamba wapo watakaouliza kwa nini tuandike juu ya wachekeshaji wakati vivuko ni vichache na zahanati hazina dawa. Vivuko tumeviandikia, na tutaviandikia tena. Lakini yule mkuu wa kikundi tuliyempa soda ni mwananchi wa kisiwa hichohicho kinachongoja kivuko, na fedha tulizomnyima zingelipa nauli yake.

Mwezi huu tumemtafuta. Bado yupo, bado anachekesha harusini, na meno yamempungua kiasi kwamba sasa anayatumia mapengo katika mchezo. Deni lake tumelilipa kutoka mifukoni mwetu, kwa kuwa kamati ile haipo tena. Alilihesabu mbele yetu, noti moja moja, kisha akatuomba tuandike karatasi kuonyesha kwamba ni malipo ya kazi, wala si zawadi. Tukaandika. Akatutaka tuweke jina lake la kuzaliwa, ambalo, kwa aibu yetu, ilitubidi tumuulize.