Mapinduzi ya Juba: Inatuhusu Aje Huku Malaba na Busia?

Salva Kiir alitokea kwa TV Desemba 16, 2013 akiwa na gwanda za jeshi, akasema mapinduzi yamefeli na mwenye makosa ni Riek Machar. Machar akakana. Lakini maze, risasi zilikuwa zishaanza kulia kambini Juba usiku uliotangulia, na Wanuer wakaanza kusakwa nyumba kwa nyumba. Bifu ya wakubwa wawili ikageuka Wadinka na Wanuer kuuana, hadi Bor na Bentiu.

Sasa sisi je? Mzigo wa Juba hupitia Malaba na Busia, unakatiza Uganda hadi Nimule. Dereva akiogopa, trela inalala. Na tusijifanye wageni: mapema 2008 Wakenya walivuka boda hii hii kuomba hifadhi Uganda, wakitoroka swali lilelile, wewe ni kabila gani?