Mtoto Si Chombo cha Kujazwa

Mwaka 1924 John B. Watson, mwanasaikolojia wa Marekani, alidai kwamba mtoto yeyote mwenye afya akikabidhiwa kwake angemlea akawa daktari, wakili au hata mwizi, apendavyo yeye mlezi. Mwenyewe alikiri kuwa amevuka mipaka ya ushahidi. Wafuasi wakalishika dai, ungamo wakaliacha njiani. Dai hilo halina nafasi ya umri.

Mkabala wa ukuaji, unaotazama jinsi fikra zinavyobadilika kwa umri, unaanzia hapo hapo. Katika jaribio moja huwekwa mbele ya mtoto bilauri mbili pana zenye maji sawa. Maji ya moja humiminwa, mtoto akitazama, katika bilauri nyembamba ndefu. Mtoto wa miaka 4 au 5 huelekeza kidole kwenye ile ndefu: humu ndimo yalimo mengi. Akifika 7 au 8, swali lenyewe humchekesha. Si pipi wala kiboko kilichomfunza. Kwa maelezo ya mwanasaikolojia Jean Piaget, kilichobadilika ni namna ya kufikiri, na tuzo peke yake haielezi badiliko la aina hiyo.

Piaget naye aliteleza kuhusu umri wenyewe. Mwaka 1974 watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walimwachia dubu wa kuchezea, mtundu, avuruge safu za vitu vilivyo sawa kwa idadi badala ya mtu mzima; watoto wengi zaidi wa miaka 4 hadi 6 wakajibu kwa usahihi kwamba idadi haijabadilika. Ngazi za ukuaji za Piaget zinahitaji kurekebishwa. Watson hana ngazi hata moja.