Mshono Usiomo Katika Mchoro



Likizo ya Desemba ilipoanza, mpwa wangu wa miaka 12 alinijia na simu mkononi. Alikuwa akimtazama mzee mmoja wa Ulaya akiunda ndege ndogo ya mbao kwa kufuata ramani ya karatasi iliyokwisha kugeuka rangi kwa ukale. Mzee yule alikata vipande vyembamba mithili ya ganda la yai, akaviunga kwa gundi, akavivika karatasi laini, kisha akairusha ndege yake juu ya konde. Kijana akaniuliza, "Mjomba, balsa yauzwa wapi?"

Nilimweleza kwamba mbalsa ni mti wa Amerika ya Kusini, ambao mbao yake ni nyepesi mno, na kwamba tangu miaka ya 1930 vijana wengi wa Ulaya na Marekani wameitumia kuunda ndege za kuchezea. Hapa Kipini haiuzwi. Nilipouona uso wake umeshuka nikamwambia, "Lakini jamaa yake tunaye." Kwani wataalamu wa mimea wanaueleza mbalsa, msufi na mbuyu kuwa miti ya ukoo mmoja, na mbao ya msufi nayo ni laini na nyepesi. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na tawi nene la msufi lililoangushwa na upepo wa kusi, nalo lilikuwa limekwisha kukauka.

Ndege mimi siijui. Chombo cha baharini nakijua kidogo, kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa nahodha. Na ndani ya sanduku lake mlikuwamo karatasi ambayo sikuwa nimeikunjua kwa miaka mingi: mchoro wa mtepe, uliochorwa kwa penseli na rafiki yake wa Lamu, fundi wa kuunda mifano ya vyombo. Tukaufungua juu ya mkeka, pembe zake nne tukazilaza kwa vijiwe.

Kwa vijana wasioujua, mtepe ni chombo cha kale cha pwani yetu hii ya kaskazini, na Waswahili wa Lamu na visiwa vyake ndio waliosifika kwa kuuunda. Haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilipangwa ubavu kwa ubavu, zikatobolewa matundu kandokando, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha matundu yakazibwa kwa vijiti. Tanga lake lilikuwa la mraba, nalo lilisukwa kwa majani kama usukwavyo mkeka. Omo yake ilinyanyuka mfano wa shingo, na wazee walihadithia kuwa iliundwa hivyo kwa kumkumbuka ngamia wa Mtume (s.a.w.). Mitepe ilibeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine kwenda Mombasa na Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilianza kutoweka, ikashindwa na majahazi ya misumari yaliyokuwa makubwa zaidi na yasiyovuja sana, na leo hakuna hata mmoja unaosafiri.

Kushona vyombo hakukuwa jambo la pwani yetu peke yetu. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliandika habari za vyombo vilivyoshonwa kwa nyuzi za nazi pasipo msumari, na kupakwa mafuta, akiyasifu mafuta ya papa kuliko mengine. Tena katika Sura ya Al-Qamar, safina ya Nabii Nuhu (a.s.) inatajwa kwa mbao zake na kwa kile kilichoziunga, kiitwacho kwa Kiarabu dusuri. Wafasiri wengi wamelieleza neno hilo kuwa ni misumari. Lakini katika kamusi za Kiarabu mna maana nyingine pia, nayo ni kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao za chombo. Nilipomweleza kijana haya, aliitia simu mfukoni mwenyewe bila ya kuambiwa.

Tukaanza kazi. Mchoro ulionyesha chombo cha futi 60. Kijana akapiga hesabu: tukiupunguza mara 20, mtepe wetu utakuwa wa futi 3. Aliandika vipimo vyote katika daftari lake la shule, upana, kina, urefu wa mlingoti, na nina hakika hesabu hizo hatazisahau kama anavyozisahau za darasani. Seremala wa mtaani akatupasulia tawi la msufi kuwa mbao za unene wa robo inchi. Tukazianika kivulini kwa siku saba, kisha tukazitia katika maji ya moto ili zikubali kupinda. Mkuku tuliuchonga kwa kipande cha mlilana, mti wa mikokoni ambao mafundi wetu huutumia kwa mataruma. Matundu tuliyatoboa kwa keekee ya marehemu baba, na hapo kijana alistaajabu kuona chombo cha kutobolea kinachozungushwa kwa upote wa uta na kisichohitaji umeme.

Siku ya kushona ndiyo siku tuliyoshindwa.

Ubao wa kwanza ulipasuka tulipofika tundu la nne. Tukachonga mwingine, tukaweka matundu mbali kidogo na ukingo, nao ukapasuka tulipofika tundu la saba. Niliuinamia mchoro kwa miwani na bila ya miwani. Ulionyesha kila ubao ulipokaa, na kila tundu lilipotobolewa. Mshono wenyewe ulichorwa kwa vistari vidogo vilivyofuatana. Lakini namna ya kuuvuta uzi, wapi pa kuanzia, na wakati gani pa kukaza, hayo hayakuwamo. Aliyechora hakuona haja ya kuyaandika, kwani kwake yalikuwa mkononi. Na marehemu baba, ambaye angeweza kuniambia alichokisikia kwa wazee wake, nilikaa naye miaka mingi ukumbini nikimsikia akisimulia habari za vyombo, wala sikumuuliza swali hata moja. Jioni ile nilijilaumu sana. Kijana naye akatupa patasi chini, akasema, "Mjomba, karatasi hii ni ya uongo."

Mama yangu alikuwa ameketi pembeni, mahali pake pa kila siku. Kwa muda wa mwaka mzima sasa macho yake yameingia mtoto wa jicho, na tangu hapo ameacha kusuka. Tulimwekea kiti kizuri, tulimletea chai kwa wakati, tulimwongoza kwenda msalani na kumwandalia maji ya udhu. Tulidhani hiyo ndiyo haki yake yote juu yetu. Alipomsikia mjukuu wake akilalamika, akauliza, "Mwafanya nini hata mbao zikalia?"

Kijana akamweleza. Mama akanyoosha mkono, akapewa ubao uliopasuka, akaupapasa matundu yake kwa kidole cha shahada. Kisha akasema, "Mwakaza kila tundu mnapolipita. Hata ukili haushonwi hivyo."

Nanyi akina mama mnaosoma ukurasa huu mlikwisha kulijua jambo ambalo mimi, mwanamume mwenye mvi, sikuwa nimelifikiri. Mkeka ni nini, kama si shupatu za ukili zilizopangwa ubavu kwa ubavu zikaungwa kwa uzi? Anayekaza kila anapopita, mkeka wake hujikunja na kupinda. Mshonaji hodari huupitisha uzi ukiwa umelegea kiasi, huenda mwendo mrefu, kisha hurudi akikaza kidogo kidogo, akianzia katikati na kuelekea ncha zote mbili, ili uzito ugawanyike na pasiwe na tundu moja linalobeba peke yake. Hivyo ndivyo mama alivyotufundisha. Hakuwahi kuuona mtepe maishani mwake, lakini mshono wake alikuwa nao.

Kesho yake hakungoja kuitwa. Baada ya sala ya Alfajiri alitaka aletewe usumba, akausokota baina ya viganja vyake mpaka ukawa uzi mwembamba, sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana aliketi mbele yake akipitisha, naye akikaza kwa kupapasa. Kwa siku sita walishona pamoja, na katika siku hizo nilimsikia mama akisimulia mambo ambayo mimi mwanawe sikuwa nimeyasikia: nani alimfundisha kusuka, miyaa ya wapi ilikuwa bora, mwaka gani mto ulijaa hata watu wakaenda msikitini kwa mtumbwi. Hapakuwa na ubao uliopasuka tena. Mbao zilipokwisha kushikana ndipo tukatia mataruma ndani, kwani katika mtepe mbavu hufuata nyuma. Tukaupaka sifa ndani na nje, na nyumba nzima ikanuka papa kwa siku mbili. Mke wangu alivumilia, Mwenyezi Mungu amlipe.

Tanga alilisuka mama peke yake, kwa miyaa, bila ya kuona.

Tuliushusha maji yalipojaa, ukingoni mwa mto Ozi, mahali unapokaribia kuingia bahari. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mtepe ukaelea, watoto wakashangilia, na kabla shangwe haijaisha ukaanza kuzama kwa tezi. Maji yaliingia katika kila mshono. Kijana akauokoa akiwa amelowa mpaka kifuani, akarejea nyumbani kimya, machozi yakimlengalenga.

Mama akacheka. Akasema, "Uloweke. Kitu kilichoshonwa hakijui kazi yake mpaka kilewe maji." Tukautia ndani ya karai kubwa, tukaumwagia maji, ukalala humo hadi asubuhi. Mbao zikavimba, nyuzi nazo zikavimba, nafasi zikafumbana. Tulipoushusha mara ya pili upepo wa kaskazi uliingia katika tanga, ukaenda wenyewe mpaka kwenye mikoko, omo juu, kama aliyeitwa. Bado uliingiza maji kidogo. Nikamwambia kijana asihuzunike: mitepe yenyewe ilisifika kwa kuvuja, na mabaharia wake walikuwa na kazi ya kufua maji safari nzima. Lakini chombo kilichoshonwa kikigusa fungu la mchanga hunepa, hakivunjiki upesi kama kilichopigwa misumari.

Ndugu wasomaji, mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib. Waliouunda hawakuwa na mtepe mzee wa kuutazama; iliwabidi kutegemea mifano midogo, picha na maandishi ya waliotangulia. Kwa hivyo mtu asiidharau mifano midogo wala karatasi kuukuu. Lau si hizo, hata sura ya mtepe tungeisahau. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, ikatukumbusha kwamba hata kilichohifadhiwa ndani ya kuta nene hakina dhamana. Karatasi huhifadhi vipimo. Mkono huhifadhiwa na mkono mwingine, na kwa hilo hapana njia ya mkato.

Nami nimejifunza jambo kuhusu kuwatunza wazazi wetu. Tunapowapa chai, dawa na mahali pazuri pa kuketi tunadhani tumetimiza, ilhali huenda tumewaweka pembeni kwa heshima. Mzee haombi kulishwa tu. Hupenda pia kuhitajiwa. Mama yangu hakupona macho Desemba ile, na tunamwomba Mwenyezi Mungu amwafikie katika matibabu anayoyangojea. Lakini ukimya wake ulipona.

Basi kabla ya likizo ijayo, natoa ombi moja kwa kila nyumba. Mtafutie mwanao kazi moja ya mikono ambayo wewe mwenyewe huiwezi, na babu au bibi yake anaiweza: kusuka ukili, kusokota kamba, kufuma wavu, kutega lema. Msiianze kwa hotuba. Ianzeni, mshindwe mbele ya mzee, kisha mumwulize. Penye wazee haliharibiki neno, na penye wazee hata mbao zilizopasuka hupata wa kuziunga.

Mtepe wetu sasa umetundikwa ukumbini. Siku ile tuliporudi mtoni, kijana aliuweka mapajani mwa bibi yake ili ausikie kwa mikono. Akapitisha vidole juu ya mshono, taratibu, tangu omo hadi tezi. Karibu na usukani akasimama.

"Hapa," akasema, "umeruka tundu moja, mjukuu wangu."

Kijana akachukua sindano.

Wa billahi taufiki. Tukutane wiki ijayo, inshallah.